Dremel 4000 kwenye mawe: mashine nzuri, boksi lake si la mawe

Dremel 4000 ni mashine ndogo ya mkononi inayozungusha biti, na hapa tunaipima kwa kusaga na kung'arisha mawe. Kabla ya yote angalia umeme. Dremel 4000 inayouzwa Marekani ni ya volti 120. Ndugu akikuletea kutoka huko ukaichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, umeshaiunguza. Tafuta ya volti 230, wati 175.

Kama mashine, haina ubaya. Kasi yake unaipandisha na kuishusha, kuanzia mizunguko 5,000 hadi 35,000 kwa dakika, na ukigandamiza kidogo haizimii kama zile za bei chee. Kwa mawe, faida yake iko kwenye kasi ya chini: kazi karibu yote hufanyika kati ya 5,000 na 15,000. Ukizidisha, maji yote yanaruka, jiwe linapata joto kali, na akiki (agate) yenye ufa uliojificha inapasuka.

Tatizo ni vikorokoro vilivyomo kwenye boksi. Vijiwe vya kusagia, vipande vya msasa na ile pesti nyekundu ni vya mbao, chuma na plastiki. Akiki ina ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha Mohs (cha ugumu wa mawe, 1 hadi 10), kwa hiyo kijiwe kinalika chenyewe huku akiki inakutazama tu. Tenga pesa nyingine za biti za almasi (vichwa vya kusagia vilivyopakwa chembe za almasi) zenye shingo ya milimita 3.2. Zile za 2.35, kama za mafundi wa meno, zinataka koleti (kibanio cha biti) ndogo. Ukizibana kwenye kubwa zinayumba na kuchimba mabonde. Nunua pia shafti ya kupinda, ili mota ining'inie mbali na maji. Matundu ya hewa ya mashine hii hayana kinga yoyote dhidi ya maji, na soketi isiyo na kikata umeme cha usalama isitumike kabisa kwa kazi hii.

Maji hayaepukiki. Vumbi la akiki na kwatsi (quartz) ni silika, linaharibu mapafu, na barakoa peke yake haitoshi. Weka jiwe kwenye trei yenye maji ya sentimita moja juu ya kitambaa, na ulilowanishe muda wote.

Anza na almasi ya namba 150 (namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi) kuondoa makovu, kisha 400, 600, 1,200 na 3,000. Kila hatua badilisha upande wa kusugua, halafu likaushe jiwe na ulielekeze kwenye taa kwa mshazari: mistari ya namba iliyopita ikionekana bado, usisonge mbele. Ukiruka kutoka 150 hadi 1,200 utang'arisha mikwaruzo. Kabla ya kubadilisha namba osha jiwe, trei, mikono na hata kucha. Chembe moja ya 150 ikibaki, umerudi mwanzo. Akiki malizia kwa felti (kichwa cha kitambaa kizito cha sufu) na oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia, iliyokorogwa kama uji mwepesi, kasi ya chini kabisa. Mng'aro huja felti inapoanza kukauka na kung'ang'ania. Ikikauka kabisa, joto linaharibu kazi.

Anyolaiti ya Longido, Tanzania, jiwe la kijani lenye vidoa vya rubi nyekundu, ina tabia nyingine. Rubi yake ni 9, zoisaiti ya kijani inayoizunguka ni kati ya 6 na 7. Felti laini inalamba kijani na kuiacha rubi, na mwisho vidoa vyekundu vinasimama kama chunusi. Hapo tumia pesti ya almasi mpaka mwisho, kwenye ncha ya mbao au ngozi ngumu, mkono ukiwa mwepesi. Seriamu haifui dafu kwa rubi.

Uso bapa usiutafute kwa mashine hii. Gurudumu la sentimita 2 litaacha mawimbi, hata mkono uwe mtulivu vipi. Msasa wa maji juu ya kioo kinene unafanya vizuri zaidi kwa pesa kidogo. Jiwe laini la Kisii nalo halihitaji mota: msasa wa maji na nta vinatosha, biti ya almasi italitoboa tu. Na mwenye ndoo nzima ya kokoto anunue pipa la kuzungusha linalosugua mawe mengi kwa pamoja, asijitese.

Dremel 4000 inafaa kwa mashimo, mikunjo, nakshi na jiwe moja la kidani. Kwa kazi hizo tunaipa nne kwa tano. Tope linalobaki kwenye trei lisimwagwe kwenye sinki, linatuama na kuziba bomba. Liache likae, mwaga maji ya juu, kisha tupa lililobaki likiwa bado bichi.