Uzoefu wangu na skana ya mkononi kwenye kodi ya P0456

Nimeshaitumia skana hii, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, vya kutosha kuitolea maoni, na naanza na jibu. Taa ya cheki injini ikiwaka kwa sababu ya mfumo wa mvuke wa petroli, skana inayotaja kodi peke yake, yaani namba ya hitilafu iliyoandikwa na kompyuta ya gari, inakuacha palepale ulipo. Hii imenifaa kwa sababu inaonyesha presha ya tanki wakati injini inafanya kazi, na inaweza kuziamuru valvu za mfumo huo zifunge au zifunguke. Ukipata skana ya bei ndogo isiyo na mambo hayo mawili, kwa tatizo hili iache.

Ni kifaa chenye kioo chake, hakitegemei simu. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, ile ambayo Marekani iliilazimisha kuanzia magari ya modeli ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Unawasha swichi bila kupiga stata, na baada ya muda mfupi kodi ziko mbele yako. Vitufe ni vigumu kidogo na kebo ingekuwa ndefu zaidi ningefurahi, lakini hayo ni madogo.

Gari langu halikuwa na dalili yoyote. Liliwaka vizuri, nguvu ilikuwepo, ulaji wa mafuta haukubadilika. Kioo kikaandika P0456, uvujaji mdogo sana kwenye mfumo wa mvuke. Hapo ndipo kila mtu anakwambia ununue kifuniko kipya cha tanki, na mara nyingine inasaidia kweli, lakini ni vizuri kujua kwanza kompyuta ya gari imelalamikia nini.

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Mvuke huo hauachiwi utoke nje. Unapita kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaounasa na kuushikilia. Injini ikishapata moto, valvu iliyo upande wa injini inafunguka na injini inaunyonya mvuke huo na kuuchoma pamoja na petroli nyingine. Wakati huo hewa safi inaingia kupitia valvu ya pili, iliyo karibu na kopo la mkaa. Kwenye magari mengi valvu ya upande wa injini hukaa imefungwa mpaka iamriwe, na ile ya hewa hukaa wazi mpaka iamriwe. Ukilishika hilo, kodi zote za familia hii zinaanza kusomeka.

Kinachofanyika ni kwamba kompyuta huziba njia zote, kisha inaangalia kama mfumo unashikilia presha au mvuto uliowekwa ndani yake. Ukipotea haraka sana inaandika P0455, uvujaji mkubwa. Tundu la kama milimita 1 linaleta P0442. P0456 ni tundu la kama nusu milimita, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona chini ya gari lenye vumbi. P0457 inaelekea kwenye kifuniko kilicholegea au kilichosahauliwa, na P0441 inasema mvuke haupiti kwenda kwenye injini inavyotakiwa. Kwa hiyo kodi inataja jaribio ambalo gari limeshindwa. Haitaji spea ipi imeharibika. Anayesoma P0456 na kuagiza valvu siku hiyohiyo anabahatisha, hata kama anajiamini.

Sehemu ya skana niliyoipenda kuliko zote ni ukurasa unaohifadhi hali ya gari wakati kodi ilipojiandika: joto la injini, mwendo, mzigo, kiwango cha mafuta kwenye tanki. Ukurasa huu usomwe kabla ya kufuta chochote. Kitufe cha kufuta kiko karibu mno na cha kusoma, na hili naliona ni kosa la waliokiunda kifaa, maana ukifuta kodi unafuta na kumbukumbu hiyo, na pia majaribio yote ambayo gari lilikuwa limekwisha kujifanyia yanaanza upya.

Kisha nikaingia kwenye vipimo. Kwanza kifuniko cha tanki kikiwa kimefunguliwa, presha ya tanki ilisoma sifuri, yaani sawa na hewa ya nje, kwa hiyo sensa haidanganyi. Pili, valvu ya upande wa injini. Nilichomoa mpira unaotoka kwenye kopo la mkaa, nikaweka kidole kwenye mdomo wa valvu wakati injini inanguruma na skana imeiamuru ifunge. Hakuna mvuto hata kidogo. Nikaiamuru ifunguke, kidole kikavutwa na valvu ikaanza kugonga tik tik tik. Valvu hiyo ikikwama wazi utaijua kwa njia nyingine pia: gari linakuwa gumu kuwaka baada ya kujaza mafuta, kwa sababu injini inameza mvuke mwingi isiouhitaji. Tatu, valvu ya hewa. Niliamuru ifunge, nikasikia mlio mmoja mkavu kutoka nyuma ya gari. Nzima.

Baada ya kurudisha mpira, nikaiamuru valvu ya hewa ifunge na ile ya injini ifunguke kidogo, mpaka presha ya tanki ikashuka karibu kilopaskali 2 chini ya hewa ya nje. Halafu nikafunga pande zote na kutazama mstari kwenye kioo. Ulipanda taratibu, bila kuruka, bila kusimama. Hapo mfumo unavuja na unavuja kidogo, kama kodi ilivyosema. Nilifanya hivi asubuhi petroli ikiwa baridi, na nasisitiza hilo, kwa sababu petroli yenye joto hutoa mvuke wenyewe na mstari utapanda hata kama hakuna tundu.

Skana inaishia hapo. Inakwambia uvujaji upo, inazitoa valvu kwenye orodha ya washukiwa, lakini mahali penyewe haipaoni. Kwa hilo nililipeleka gari kwa fundi mwenye mashine ya moshi. Moshi unasukumwa kwa presha ndogo sana, njia ya hewa ikiwa imezibwa, na yeye anazunguka na tochi. Ulitoka uzi mwembamba wa moshi kwenye bomba la kujazia mafuta, chini kidogo ya mdomo, pale ambapo tope linakaa na kutu inakula chuma taratibu. Kifuniko kilikuwa kizima na mpira wake laini. Umbali kati ya kifuniko na kutu ile hauzidi kiganja, na kifuniko kipya kisingebadilisha kitu.

Tulibadilisha bomba, nikafuta kodi. Kuanzia hapo inahitajika subira. Jaribio la mfumo wa mvuke halifanyiki kila ukiwasha gari. Magari mengi yanataka injini iwe imepoa kabisa, hali ya hewa isiwe kali, na tanki lisiwe limejaa wala karibu kwisha. Kiwango kinachotajwa sana ni kati ya asilimia 15 na 85. Toyota nyingi hulifanya zikiwa zimezimwa, kama saa 5 baada ya kuegeshwa, kwa pampu ndogo iliyo kwenye kopo la mkaa. Kwa hiyo taa kutowaka siku mbili tatu si ushahidi wa chochote. Skana ina ukurasa unaoonyesha majaribio yaliyokamilika na yale bado, na mimi nilisubiri mpaka mstari wa mfumo wa mvuke ukaandika umekamilika, bila kodi mpya wala ile inayosubiri kuthibitishwa.

Kabla ya kununua skana ya aina hii, hakikisha orodha ya magari yake inataja modeli yako kwenye kipengele cha kuamuru valvu, maana kusoma kodi inaweza kwa magari mengi yenye soketi ile, lakini kuamuru valvu haiwezi kwa yote. Kwa gari langu inaweza. Kwa gari la ndugu yangu iligoma, ikabaki kusoma tu.