Tathmini ya PlantUML kwa wasanifu wa programu

Baadhi ya watengenezaji wa programu hapa Arusha hupata kazi kutoka kwa kampuni za utalii, na kwa mfumo wa aina hiyo, wa kupokea maombi ya safari, ndipo nilipoipima PlantUML, zana ya bure inayogeuza maelezo yaliyoandikwa kuwa mchoro. Ukiandika «Mgeni -> Tovuti : omba safari», mshale unajichora wenyewe. Naipendekeza kwa dhati, ila si kwa kila mchoro.

UML, lugha sanifu ya kuchora mifumo ya programu, katika toleo lake la 2.5 ina aina 14 za michoro, na anayeanza asidhani kwamba anapaswa kuzichora zote, kwa kuwa mchoro una faida pale tu unapojibu swali ambalo msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, haulijibu upesi. Mchoro wa mfuatano, unaoonyesha nani anamtumia nani ujumbe na kwa utaratibu gani, ndio unaonifaa kuliko yote. Mgeni anapolipia safari ya Serengeti, ujumbe hutoka kwenye tovuti hadi kwenye seva, kisha kwa mtoa huduma ya malipo, na jibu laweza kuchelewa au kuja mara mbili. Katika msimbo mambo hayo yametawanyika kwenye mafaili mengi, lakini kwenye mchoro yanaonekana pamoja, hata meneja asiyejua kuandika programu akaweza kuuliza kama gari litaendelea kushikiliwa malipo yakikwama. Mchoro wa hali, unaoonyesha hali ambazo kitu kama ombi hupitia, unaufuata kwa karibu, kwa sababu unalazimisha timu ikubaliane ni lini ombi lililolipiwa linaweza kufutwa, na nani mwenye ruhusa hiyo.

Kwa mchoro wa klasi, yaani wa aina za vitu vinavyounda programu na uhusiano wao, zana hii inachosha. Hutegemea Graphviz, programu nyingine ya kupanga michoro, kupanga visanduku vya klasi, kwa hiyo klasi zikiwa nyingi mistari hupishana na mwandishi hana uwezo mkubwa wa kuvisogeza. Hilo halinisikitishi sana, maana mchoro unaorudia kila klasi ya msimbo huchakaa msimbo unapobadilika. Chora zile chache zinazobeba biashara yenyewe.

PlantUML inahitaji Java, jukwaa la kuendeshea programu, na ikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti. Faili lake ni maandishi matupu, hivyo huhifadhiwa kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili, pamoja na msimbo, na anayekagua huona mstari gani umebadilishwa. Michoro ya siri ya mteja isipelekwe kwenye seva ya umma ya PlantUML. Itengenezwe kwenye kompyuta yako. Na unapojadiliana na mteja ana kwa ana, wazo likiwa bado changa, ubao mweupe na kalamu vina kasi kuliko zana hii.