Miwani ya kinga ya kemikali: ipi inunuliwe Mwanza

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini, miwani nyingi ya kinga ni ya fundi wa kusaga chuma: pembeni iko wazi, au ina vitundu vilivyonyooka. Kwa anayechanganya kostiki ya sabuni au klorini ya kuoshea sakafu za kiwanda cha samaki, hiyo haifai. Tone likiruka linapita moja kwa moja.

Tafuta yenye vifuniko juu ya matundu: hewa inapinda, maji hayapiti. Soma fremu. Kwa alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, namba 3 ni matone na michirizo, 4 ni vumbi kubwa, 5 ni gesi na vumbi laini. Haina alama? Iache, hata kwa bei ya kutupwa.

Joto la ziwa huleta ukungu, na mtu hupandisha miwani kwenye paji la uso saa ileile ya hatari. Lipia kioo chenye dawa ya ukungu. Usikisafishe kwa tina, kitapauka na kupasuka.

Ngao ya uso huvaliwa juu ya miwani. Peke yake haitoshi, chini iko wazi. Kemikali ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka, dakika 15 angalau, kisha hospitali.