Sampuli 160,000 kwenye mchoro mmoja: uzoefu wangu na ggplot2

Mchoro wangu wa kwanza wa sampuli zote za mgodi ulitoka doa jeusi. Shaba niliiweka upande wa chini, kobalti upande wa kusimama, sampuli kama 160,000, na nilichopata ni terili ya Lubumbashi, lile lima jeusi la mabaki ya kuyeyushia shaba, imehamia kwenye karatasi. Shefu akautazama, akaniuliza, "Papa, hii njo makala?", yaani makaa. Ofisi nzima ikacheka.

Ndipo nikahamia R, programu ya kuchambua takwimu, na ndani yake ggplot2, kifurushi cha kuchorea. Vyote ni vya bure. Nilichotoa mfukoni ni pesa ya mega za intaneti tu.

Nilianza kwa kufifisha nukta: unaandika alpha = 0.02, palipo na rundo pakolee, palipo na chache papauke. Inasaidia, sikatai. Ila sampuli zenye kobalti nyingi, zile hasa tunazozitolea macho, zilipauka hadi zikatoweka.

Kilichoniridhisha ni geom_hex. Inagawa mchoro vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, inahesabu sampuli zilizoangukia kila chumba, kisha inapaka rangi kwa kadiri ya hesabu. Usipoigusa inakupa vyumba 30 kwa upana. Mimi nilipandisha hadi 80. Rangi nikaziweka kwa kipimo cha logi, kinachopanda kwa kuzidisha badala ya kujumlisha, maana chumba kimoja kilikuwa na maelfu na jirani yake sampuli tatu. Juu yake nikarudisha nukta za zile adimu, moja moja.

Mara nikaona mstari mnyoofu umelala chini kabisa: kobalti 0.01, shaba iwe nyingi au kidogo. Udongo hauzai hivyo. Ni kikomo cha kipimo cha maabara: kobalti ikiwa chini ya uwezo wa mashine, huandikwa namba ile ile kwa wote. Mstari huo ulikuwemo siku zote, umefunikwa na lile doa.

Kero zipo. Ukihifadhi nukta zote kwa PDF, kila moja inaandikwa peke yake, faili linavimba. Pale ninapochapishia mashine iliganda, foleni ikaninunia. Hifadhi kwa PNG. Tena geom_hex haifanyi kazi bila kifurushi kingine kiitwacho hexbin, nami nililigundua hilo saa tano usiku, mega zimeisha.

Nyota nne. Ya tano nimeikatia usiku ule.