Vitasa vya stenlesi 316 kwenye milango ya zahanati, Tanga

Nafanya useremala Tanga, na milango ya zahanati iliyo karibu na bahari inanipa kazi kuliko ya nyumba za watu. Vitasa vya zinki vilivyopakwa rangi ya dhahabu vinapendeza dukani tu. Hewa ya chumvi ikivipata, rangi inatoka malengelenge, halafu mkono wa kitasa unalegea.

Safari hii tulifunga vya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, aina ya 316. Tofauti yake na 304, stenlesi ya kawaida, ni madini ya molibdeni, asilimia 2 hadi 3, yanayozuia chumvi isiitoboe haraka. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwani zote mbili hazivutwi sana. Mwombe muuzaji karatasi ya kiwandani inayoonyesha madini yaliyomo.

Kilichonifurahisha zaidi ni bolti zinazopita mlango upande huu hadi ule. Skrubu fupi za mbao hazivumilii mlango unaosukumwa kutwa nzima, tena kwa bega, na mama mwenye mtoto mgongoni. Mkono wa kitasa umejikunja kuelekea mlangoni, kwa hiyo haunasi buibui wala mkanda wa mkoba. Boksi lina alama za EN 1906, kiwango cha Ulaya cha vitasa vya milango: tarakimu ya kwanza ni 4, daraja la juu kabisa la matumizi, na ya pili 7, yaani kimepimwa mizunguko 200,000.

Lawama yangu ni bawaba walizouza pamoja navyo. Nyembamba mno! Nilizirudisha, nikaweka za inchi 4 zenye beringi, tatu kila mlango. Bei ya vitasa ni kali. Choo cha nje kimebaki na komeo la kawaida.