Nesi wa nyumbani Dar es Salaam: ninachokilipia na ninachokidai

Mgonjwa wetu yuko Sinza, amepooza upande wa kulia baada ya kiharusi, analishwa kwa mpira wa puani na anakojoa kwa mpira. Kampuni tuliyoichukua ina huduma mbili: nesi wa zamu ya saa kumi na mbili, na nesi wa kupita anayefanya kazi maalumu kisha anaondoka. Tumetumia zote. Ya kupita ina thamani ya pesa yake; ya zamu inategemea umeletewa nani.

Wahitaji wamekuwa wengi kuliko manesi. Mgonjwa akisharuhusiwa hospitali, kazi inahamia nyumbani, na nyumbani watoto wako kazini, au wako Muscat na wanachoweza ni kutuma pesa. Dada wa kazi hajasomea mpira wa mkojo. Kampuni ikizidiwa inaleta mhudumu na kumwita nesi. Kuogesha, kubadilisha pampasi na kugeuza mgonjwa, mhudumu mzuri anaweza kabisa. Kuweka mpira wa puani au kuchoma insulini si kazi ya kumwachia. Omba leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, angalia jina na tarehe ya kuisha, ulinganishe na kitambulisho. Anayenuna kwa hilo, mrudishe.

Mimi nampima nesi kwenye mpira wa puani. Kabla ya kulisha aangalie kwanza alama ya mpira pale puani, isiwe imesogea. Kisha avute maji ya tumbo kidogo kwa bomba la sindano na kuyapima asidi kwa karatasi maalumu: pH ikiwa 5.5 au chini, mpira uko tumboni. Wapo bado wanaosukuma hewa na kusikiliza tumbo kwa stethoskopu. Usikubali, kwa sababu ule mlio husikika hata mpira ukiwa umeingia njia ya hewa. Mgonjwa anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anaweza kusoma pH ya juu ingawa mpira uko mahali pake. Hapo hakuna kulisha mpaka uhakikishwe, na uhakika kamili ni picha ya eksirei.

Kulisha kwenyewe ni kukaa nusu wima, nyuzi 30 hadi 45, chakula kishuke chenyewe taratibu bila kusukumwa, kisha asilazwe chini kwa nusu saa au zaidi. Mipira yetu iliziba kwa sababu mbili tu: uji usiochujwa, na vidonge vilivyosagwa pamoja na kumiminwa kama chokaa. Kila dawa isagwe peke yake, na maji yapitishwe kabla na baada. Vidonge vinavyoyeyuka polepole mwilini havisagwi kabisa.

Mpira wa mkojo una makosa yake. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe ukifika theluthi mbili. Mkojo ukivuja pembeni, nesi mmoja alitaka kuweka mpira mnene zaidi. Mara nyingi shida ni mpira kuziba au kujikunja, au kibofu kinabana, na mnene unaongeza maumivu. Mpira wa silikoni hukaa hadi wiki 12, ule wa lateksi, yaani mpira wa kawaida, ni wiki chache tu. Tarehe ya kuwekwa iandikwe kwenye daftari.

Godoro la hewa ni zuri, ila kampuni inalikodisha kana kwamba linageuza mgonjwa. Haligeuzi. Umeme ukikatika linaanza kunywea, na hata umeme ukiwepo mgonjwa bado anahitaji kubadilishwa ulalo, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, mito ikiwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Ngozi nyekundu isiyopauka ukiibonyeza ni kidonda kinachoanza.

Kinachonikera ni makabidhiano. Zamu hubadilishwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, saa za foleni, na masika Jangwani ikijaa maji anayetoka ng'ambo ya mto Msimbazi hafiki. Wa usiku anaondoka, wa mchana yuko kituoni. Sasa tunaomba nesi wa upande wetu wa mto, na haondoki mtu kabla mwenzake hajasoma daftari: ulalo wa mwisho, mililita zilizoingia na mkojo uliotoka, presha, sukari, dawa zilizotolewa na zilizorukwa.

Vifaa tunanunua wenyewe Kariakoo. Glavu na mifuko ya mkojo kwenye ankara ya kampuni ilikuwa ghali mno. Zamu tumebakiza ya usiku peke yake. Kwenye mkataba mpya tumeongeza kifungu cha nesi mbadala: naye anatuma leseni yake kabla hajaja, si akiwa mlangoni.