Mafundi wa tela Unga Limited: kabla ya hela wanakuuliza gari

Wakuu kama uko Arusha na unatafuta tela la kubebea maji, tofali au majani ya ng'ombe, kuna karakana iko Unga Limited wanachomelea na kukodisha, bango hawana ila ukifika ukaulizia wanapotengeneza matela unaonyeshwa fasta. Mimi nilikuwa nataka la kubeba tenki la lita 1000 kupeleka maji shamba Kisongo, gari ni RAV4 ya zamani.

Kilichonifurahisha ni kwamba fundi hakuniuliza nataka tela la saizi gani, aliuliza navutia gari gani na nabeba nini. Akachukua chaki akaandika kwenye bati pale pale: maji kilo 1,000, tenki na keji yake 60, tela tupu kama 350. Akanambia kaka hiyo ni tani moja na nusu kasoro kidogo na gari yako yenyewe inakaribia hapo hapo, sasa kwenye mteremko nani atamvuta mwenzie? Kitabu cha gari ni cha Kijapani kama mitumba yetu mingi, basi akaingia intaneti na namba ya modeli akatafuta kiwango chake cha kuvuta tela, yaani hiyo peke yake inatosha kumpa nyota.

Watu wengi wanaangalia injini tu, wanasema si inavuta! Kuvuta sio shida, shida kusimama. Hilux dizeli ya 4x4 ya siku hizi, Toyota kule Uingereza wanaiandikia kuvuta kilo 3,500 kama tela lina breki zake, likiwa halina breki ni 750 tu, gari ile ile. Sasa fikiria unashuka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu na mzigo unakusukuma, umekanyaga breki njia nzima, zinapata moto hadi mafuta ya breki yanachemka. DOT 3 mpya (aina ya mafuta ya breki) inachemka kuanzia nyuzi 205, ila ikishavuta unyevu inaweza kushuka hadi karibu 140, na wangapi hapa wanabadilisha mafuta ya breki jamani? Yakichemka pedali inazama hadi chini na hakuna kitu. Na gari za automatiki gia nazo zinaungua, mafuta ya gia yanakuwa meusi yananuka.

Jingine ambalo sikuona kwa wengine, wanapima uzito unaokaa kwenye shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari. Walipanga mzigo, wakaweka mzani wa kupimia magunia chini ya shingo, wanataka karibu asilimia 10 ya uzito wote ukae hapo. Ukiwa mdogo sana tela linaanza kucheza mkia ukishika spidi, ukizidi sana gari inakaa matako chini, pua inanyanyuka, tairi za mbele hazishiki vizuri na taa zinammulika anayekuja usoni. Maji ndio mabaya zaidi maana tenki likiwa nusu yanapiga huku na huku kila ukikata kona, so ama lijae ama liwe na vizuizi ndani. Fundi alisema tela likianza kuyumba toa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla wala kukata usukani.

Mwisho tulikubaliana tenki la lita 500 na tela dogo lenye breki zile zinazoshika zenyewe tela linapoisukuma gari, na cheni mbili zimepishana chini ya shingo. Sehemu nyingine nilikopita kabla, siitaji, walikuwa tayari kunifungia la lita 1000 kwa pini ya nondo na waya, hela tu mbele. Watu wanakufa kwa vitu kama hivyo na anayekufa mara nyingi ni wa bodaboda aliyekuwa nyuma, inaniuma sana.

Kasoro zipo. Wanachelewa, ahadi ya ijumaa ilikuja jumatano, na waya za taa walifunga ovyo, indiketa ya kushoto ilikuwa inakata ikabidi warudie. Bei ukiweka breki inapanda kwelikweli na hawapunguzi, ila hapo kwenye breki msibane hela wapendwa.

Jumapili wamefunga. Ukienda nenda na gari yenyewe usipande bodaboda, bila kuiona hawakupi bei.